Maji ya Ziwa Ngozi yanakwenda wapi? Wenyeji wa Uporoto na wajuzi wa miamba karibuni

#1 Mporoto wa Juu

Habari za jioni wakuu.

Swali hili ninalo tangu utotoni, ila Jumamosi iliyopita limenirudia kwa nguvu. Nimezaliwa upande wa Isongole, Mbeya, Ngozi ni kwetu. Nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa akalione ziwa kwa mara ya kwanza. Pikipiki tuliiacha Mchangani, tukapita mashamba, tukaingia msituni kwenye mianzi na migomba pori, tukapanda mpaka ukingoni huku tunahema. Mtoto akatazama kule chini muda mrefu, kimya. Halafu akaniuliza, "Baba, mto wake uko wapi?"

Nilikosa la kumjibu. Ziwa lile lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu, upana kilomita moja na nusu hivi. Kuta zimelizunguka pande zote. Mvua ya Uporoto mnaijua, ikianza Novemba ni mpaka Mei. Maji yote ya kuta zile yanateremkia mle ndani. Mto unaotoka hakuna. Na ziwa halijai.

Kuna jiwe kule chini ufukweni ambalo marehemu babu alikuwa akiketi kuloweka miguu alipokuwa kijana. Mwaka 1994 alinishusha kwa kushika mizizi, tukaketi juu yake, miguu ikafika majini. Jumamosi nimeketi palepale na mwanangu. Miguu yangu imefika majini vilevile.

Maji yanakwenda wapi? Naomba majibu yenye sababu, mtoto ananisubiri.

#2 Kyela Mchele

Mkuu, maji yenu tunayo sisi huku! Masika mito ikifurika tunapandisha magodoro juu ya meza, wewe unauliza yalikokwenda.

Bibi yangu alisema kibuyu kilichozama Ngozi kiliibukia Matema, Ziwa Nyasa, kizibo chake kikiwa bado mdomoni. Mimi naamini kuna mfereji chini ya ardhi.

#3 Mwalimu wa Ramani

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Kyela Mchele, hadithi ya kibuyu nimeisikia na kwa Ziwa Masoko, ila huko kinaibukia Mto Mbaka. Kwa mwinuko hujakosea. Uso wa Ngozi uko kwenye mita 2,060 hivi juu ya usawa wa bahari, Nyasa iko kwenye 470 na kidogo. Maji yana pa kuteremkia. Lakini mfereji mmoja uliopita chini ya milima yote ile bila kuziba, siuoni.

Jibu langu ni mvuke. Tazameni Ziwa Rukwa hapo jirani. Linapokea mito mwaka mzima, hakuna hata mmoja unaotoka, na halijamwagika. Jua na upepo vinachukua kinachoingia. Ngozi ni Rukwa ndogo iliyowekwa juu ya mlima.

#4 Binti Tukuyu

Mwalimu, samahani, Rukwa iko bondeni kwenye jua la kuchoma. Huku kwetu suruali ya jinzi mwezi wa tatu inakaa kambani siku tatu na bado kiunoni ina unyevu. Ukungu unashuka saa nane mchana. Kama suruali haikauki, ziwa zima litakaukaje?

Tena nijuavyo mimi Rukwa inapanuka na kusinyaa, miaka mingine wavuvi wanahama na vibanda vyao. Mporoto anasema jiwe la babu yake liko palepale.

#5 Dereva wa Igawa

Binti kamaliza kazi na suruali moja 😂

Halafu Rungwe ndiyo milima yenye ziwa juu, si ndiyo? Napita kila siku na lori ila sijawahi kupanda.

#6 Jiwe kwa Jiwe

Dereva, hapana, na kosa hili hata kwenye vitabu vya wageni nimelikuta. Mlima Rungwe ni volkeno yake, Ngozi ni nyingine. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, Ngozi iko kulia kwako baada ya kupanda Uporoto. Rungwe unaikuta mbele, kushoto. Na ya tatu ni Kyejo, kusini mashariki ya Rungwe, wengine huandika Kiejo. Hizo tatu ndizo zilizolipuka katika miaka ya karibuni kwa hesabu ya miamba.

Nimesoma jiolojia na nimetembea huko na nyundo mkononi, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Bonde la Ufa linapofika kwetu halina mkono mmoja. Linakuja tawi la Rukwa kutoka kaskazini magharibi, linashuka tawi la Nyasa kwenda kusini, na tawi la Usangu linaelekea kaskazini mashariki. Yanakutana hapahapa. Mahali ambapo ganda la dunia limevutwa pande tatu, miamba iliyoyeyuka hupata njia. Ndiyo sababu volkeno zimerundikana kati ya Mbeya na Kyela, na si Iringa wala Songea. Kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka milioni nane iliyopita na haijaisha.

Sasa Ngozi. Watu wengi wanadhani kilele kilirushwa hewani, shimo likabaki. Sivyo. Mlima ulitapika majivu na mawe mepesi mengi mno kwa muda mfupi, chumba cha chini kikabaki kitupu, paa likaporomokea ndani. Shimo la namna hiyo linaitwa kaldera. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa Ngozi haujafikisha miaka elfu moja. Kijiolojia hiyo ni juzi.

Hapo ndipo jibu langu kwa mtoto lilipo. Ziwa limekaa kwenye bakuli lililotengenezwa kwa vifusi. Majivu, changarawe, vipande vya mwamba uliovunjika. Bakuli la namna hiyo linavuja. Mto wake upo, ila unapita kwenye kuta na kutokea chini kama chemchemi.

#7 Kyela Mchele

Si ndiyo mfereji wangu huo? Umeongeza maneno tu.

#8 Jiwe kwa Jiwe

Mkuu, mfereji una mdomo na mkia. Ninaosema mimi ni kama maji kwenye mchanga, yanapita kila mahali polepole. Kibuyu hakipiti.

#9 Mama Viazi

Naomba na mimi niseme. Nalima viazi mteremko wa Uporoto mwaka wa kumi na saba huu.

Mwaka juzi tulichimba shimo la choo. Kijana aliyekuwa akichimba akaniita, "Mama njoo uone." Juu udongo mweusi, laini kama unga wa kahawa, unafika kiunoni. Chini yake tabaka jeupe la vijiwe, unene kama shubiri mbili, ukikichukua kimoja hakina uzito, unakisaga kwa vidole. Chini ya hilo tabaka udongo mweusi tena! Kwamba kulikuwa na shamba, vijiwe vikanyesha, shamba jipya likaota juu. Nilikaa pembeni ya lile shimo nikawaza walioishi kwenye udongo wa chini walikimbilia wapi.

Kuhusu maji, nakubaliana na Jiwe kwa Jiwe. Mvua ikinyesha kwangu haitembei juu, inazama. Na chini ya shamba langu, kwenye korongo, kuna chemchemi haijawahi kukauka hata ule mwaka viazi viliungua kwa jua. Maji yake baridi, matamu. Nimekuwa nikiamini ni maji ya Ngozi.

Jiwe, hivyo vijiwe ni vya Ngozi au vya Rungwe?

#10 Fundi Tofali

Hivyo vijiwe ndivyo tunaviita mawe mepesi, wanawake wanasugulia visigino. Kiweke kwenye beseni, kinaelea. Nacheza navyo tangu utoto, tulikuwa tunavichonga mashua tunashindanisha mtoni.

Mtu yeyote aliyejenga kuanzia Isongole kushuka anajua ukichanganya majivu yale na chokaa na maji, yanashika kama saruji. Siyo ushirikina, viwanda vinachimba majivu hayo kuchanganyia saruji, wenyewe wanaita pozolana. Lakini msingi juu ya vijiwe vile peke yake, usithubutu. Mimi niliwahi kusimamia nyumba moja, mwenye nyumba akakataa nisichimbe zaidi, akasema nakula hela yake. Mvua ya kwanza maji ya bomba lililopasuka yakapita chini ya msingi. Hatukuona tone juu. Kona ya sebule ikashuka hivi hivi tunaitazama. Kwa hiyo kwamba maji yanapita mle, mimi sina mjadala.

#11 Jiwe kwa Jiwe

Mama Viazi, umenipa kazi ngumu. Rungwe ililipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita, mawe mepesi yake yalisambaa eneo kubwa, na majivu yake yamekutwa mpaka kwenye tope la chini ya Ziwa Nyasa. Ngozi nayo ilitapika ya kwake chini ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa unene wa udongo mweusi wa juu, kufika kiunoni, moyo wangu unaelekea Rungwe. Lakini udongo wa mteremkoni husogea, unaweza kuwa umejikusanya kwako. Kwa macho siwezi kukata shauri, mpaka vipimwe madini yake. Usilizibe lile shimo tafadhali!

#12 Mama Viazi

Ni choo mwanangu, limeshatumika 😂

Lakini korongoni tabaka lenyewe linaonekana. Karibu.

#13 Mwalimu wa Ramani

Binti Tukuyu na suruali yake kanifanya nilale vibaya. Nimefikiri tena. Kweli Ngozi imejificha shimoni, upepo haufiki vizuri, na Rukwa maji yake ni ya magadi kwa sababu jua linachukua maji na kuacha chumvi. Kama Ngozi ingekuwa inapungua kwa mvuke pekee, maji yake yangekuwa machungu kuliko yote.

Mporoto, uliyaonja?

#14 Mporoto wa Juu

Niliyaonja Mwalimu. Si matamu kama ya chemchemi. Yana ladha fulani, siyo chumvi ya kukunja uso, ila ulimi unajua. Mtoto alisema yanafanana na maji yaliyooshewa sufuria.

Ndaga fijo, asanteni sana wote mnaochangia, nasoma kila mstari.

#15 Mwalimu wa Ramani

Basi mvuke upo! Ukiwa mdogo, chumvi kidogo.

#16 Jiwe kwa Jiwe

Taratibu Mwalimu. Chumvi ya Ngozi ina mlango mwingine. Chini ya mlima ule bado kuna moto, na watafiti wa jotoardhi wameona dalili kwamba maji ya moto yenye chumvi yanapanda na kuingia ziwani kutokea chini. Ndiyo maana kampuni ya taifa ya jotoardhi imeiweka Ngozi kwenye miradi yake pamoja na Kiejo-Mbaka na Songwe. Chumvi inaweza kuwa imetoka kwenye mwamba wa moto na siyo kubakizwa na jua.

Na hilo linamgusa Mama Viazi. Ziwa lina ladha, chemchemi yako tamu. Kama chemchemi ni maji ya Ngozi, chumvi imebaki wapi?

#17 Mama Viazi

Hee. Hapo sasa umeninyang'anya ziwa langu.

#18 Fundi Tofali

Mchanga unachuja, labda.

#19 Jiwe kwa Jiwe

Mchanga unachuja tope, hauchuji chumvi iliyoyeyuka. Ungechuja, watu wa Dar wangechimba visima ufukweni. Labda chemchemi ya Mama ni mvua ya kwenye mteremko wenyewe, na ziwa linavujia mbali zaidi na chini zaidi.

#20 Kamwene

Kamweneee! Nawasoma kutoka Iringa. Na sisi tuna maajabu, nguzo za Isimila zile ni volkeno pia? Na jiwe la Gangilonga?

#21 Binti Tukuyu

Iringa nanyi mnataka kila kitu, mna baridi, mna Mkwawa, sasa mnataka na volkeno 😂

#22 Mwalimu wa Ramani

Kamwene karibu sana. Isimila siyo volkeno. Ni mchanga na udongo uliotuama kwenye maji zamani, kisha mvua ikauchonga korongo zikabaki nguzo. Sifa yake kubwa ni zana za mawe za watu wa kale. Gangilonga ni jamii ya granaiti, mwamba mkongwe mno uliopozwa chini ya ardhi ukaja kufunuliwa.

Na nisahihishe jingine kabla halijaandikwa. Milima ya Mbeya, Loleza na Kilele cha Mbeya, nayo siyo volkeno. Ni miamba mikongwe iliyoinuliwa na mipasuko ya Bonde la Ufa. Mtu amesimama Mwanjelwa, akitazama kaskazini anaona mwamba wa kale, akigeuka kusini anaona Uporoto wa volkeno. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka nikiwatoa nje ya darasa.

#23 Dereva wa Igawa

Na kile Kimondo cha Mbozi? Kile si kilirushwa na Rungwe?

#24 Mwalimu wa Ramani

Kimondo kilitoka angani ndugu yangu. Ni tani 16 hivi za chuma chenye nikeli. Hakuna volkeno inayotema chuma cha namna hiyo.

#25 Kitulo Kwetu

Nawasalimu kutoka Makete. Kuna mtu atakuja kusema Rungwe ndiyo kilele kirefu Nyanda za Juu Kusini, namuwahi. Rungwe mita 2,960. Mtorwi kwetu 2,961. Mita moja ni mita moja!

Uwanda wetu wa Kitulo nao umelala juu ya miamba ya volkeno, kwenye mita 2,600 hivi. Wazee wanaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Wataalamu huhesabu aina zaidi ya 40 za okidi. Mvua ya huko inakwenda mpaka Ruaha. Naleta hili kwa sababu Kitulo pia maji yanazama kwanza, halafu yanatokea pembezoni. Kuna vijito vinaanzia kwenye nyasi, hujui vimetoka wapi, unasikia tu vinaongea chini ya miguu.

#26 Kyela Mchele

Mita moja 😂😂 Nendeni mkampandishie Rungwe jiwe juu.

#27 Mzee wa Masoko

Wanangu, hamjambo. Mjukuu ndiye anayeniandikia.

Mimi ni wa Masoko. Nalo ni ziwa la volkeno, la duara, halina mto unaotoka. Hapo juu mtu asije akaleta habari za hela za Mjerumani Ngozi, zile zinasemwa Masoko, na boma lao liko pembeni ya ziwa mpaka leo. Zamani watoto waliopiga mbizi wakitoka na sarafu, nimeziona kwa macho yangu.

Masoko haliko kama jiwe la babu yake Mporoto. Kiangazi linashuka, mstari mweupe unabaki kwenye mawe, masika linapanda. Miaka ya 1990 walikuja wanasayansi na mabomba marefu wakatoboa tope la chini, wakatoa vipande kama mikate mirefu. Walisema lile tope linahesabu miaka zaidi ya elfu arobaini. Waliyapima na maji ya maziwa madogo ya huku Mbaka kujua yanaingia wapi na kutoka wapi.

Kuhusu Ngozi, bibi yangu alitueleza kwamba ziwa lile halikuzaliwa pale. Lilikuwa mahali pengine, likiwasumbua watu, wakalitupia mawe yaliyochomwa motoni, likahama likapanda mlimani. Nimelisikia na kwa Wasafwa. Siku hizi nikisikia kuna maji ya moto chini yake namkumbuka bibi. Na Kyejo ilitoa moto zamani za babu wa babu zetu, miaka kama mia mbili, mto wa mawe ukashuka na migomba imeota juu yake. Hilo si hadithi, mawe yapo.

#28 Jiwe kwa Jiwe

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, ule mtiririko wa Kyejo wanajiolojia wanauweka karibu na mwaka 1800, na waliutambua kwa kuwasikiliza wazee kwanza.

#29 Mjukuu wa Kyejo

Mmemtaja Kyejo naomba niseme jambo ambalo haliniachi.

Chini ya mlima kwetu kuna mabonde madogo ambayo asubuhi hairuhusiwi mtoto kuingia. Hewa ukaa inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, usiku kusipokuwa na upepo inajikusanya kwenye kishimo kama maji. Huioni. Nikiwa darasa la nne nilikuwa na mbwa, Simba. Alikimbiza panya buku akaingia kwenye kishimo kisichofika kifuani kwangu. Nilimwona amelala ubavu, macho wazi. Pembeni yake kulikuwa na ndege wawili na vyura. Nilitaka kushuka kumbeba, mama akanivuta kwa nguo mpaka ikachanika. Mama hakuwa amesoma, lakini alijua.

Hewa hiyohiyo inakusanywa kiwandani kwa ajili ya soda. Swali langu kwa wataalamu: Ngozi nayo haina hewa hiyo chini? Ziwa Nyos kule Kamerun, Agosti 1986, liliitoa kwa usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa usingizini. Sisi tunauliza maji yanatoka wapi, mimi nauliza kinachoingia.

#30 Jiwe kwa Jiwe

Pole sana kwa Simba. Mama yako alikuokoa.

Hewa ukaa inapanda sehemu nyingi za huku, Ngozi ikiwemo. Nyos ni ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 200, maji ya chini hayakuchanganyika na ya juu, hewa ikalimbikizwa. Ngozi ina kina kifupi kuliko hicho, chini ya mita mia moja, na baridi ya Uporoto inaweza kuwa inasaidia maji ya juu kuzama na kuchanganyika. Nasema "inaweza". Ziwa la namna hii linastahili kupimwa mara kwa mara, na vijiji vya chini vistahili kuambiwa matokeo kwa Kiswahili. Hili naliona kubwa kuliko swali la mto.

#31 Binti Tukuyu

Nimesoma hapo nikamwita mdogo wangu ndani.

#32 Dereva wa Igawa

Naleta langu. Desemba 2009 lilipopiga tetemeko la Karonga nilikuwa nimelala ndani ya lori Kasumulu. Lori lilitembea kama linasukumwa. Ardhi ya huku imepasuka wakuu. Kwa nini maji ya Ngozi yasipite kwenye nyufa zile? Siyo mchangani kote kama anavyosema Jiwe, wala mfereji wa Kyela Mchele. Ufa mmoja mrefu. Na Kasumulu penyewe kuna maji ya moto, na Songwe pia kuna maji ya moto. Yanapashwa na nini kama siyo yametoka juu yakapita chini kwenye moto?

#33 Mwalimu wa Ramani

Dereva, hilo ni zito. Maji ya Songwe yamejenga miamba ya chokaa yenye matabaka, ile inayochongwa na kuuzwa kama marumaru. Maji kiasi hicho lazima yana chanzo chenye mvua nyingi, na mvua iko Uporoto. Kuna wanaoamini hivyo. Wengine wanasema Songwe ina moto wake na mvua yake.

Lakini mimi mvuke wangu sijauacha wote. Kidogo kinapanda, kikubwa kinazama. Na nani anajua ni kidogo kiasi gani? Mwezi huu nimeweka beseni mbili uani kwangu, moja kivulini moja juani, napima kwa rula kila saa kumi na mbili jioni.

#34 Jiwe kwa Jiwe

Ufa naukubali kwa nusu. Ngozi, Rungwe na Kyejo zimejipanga karibu kwenye mstari, na mipasuko ya huko inaelekea vivyo hivyo, kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Ukifuata mstari huo kusini unakutana na chemchemi za Mbaka, kaskazini magharibi unakwenda Songwe. Kwa hiyo Dereva anaweza kuwa amepatia, na Kyela Mchele naye akapata kamfereji kake. Ila ufa unaweza pia kuziba. Maji ya moto huacha madini njiani, yanaziba nyufa kama uchafu wa chai ndani ya birika. Huenda ziwa linakaa pale kwa sababu bakuli limezibwa nusu.

#35 Kyela Mchele

Asante! Kibuyu changu kimepata nusu ya njia.

#36 Kitulo Kwetu

Nina wazo jingine, mnisamehe. Mnasema ziwa halipandi wala halishuki kwa sababu ya jiwe moja. Mporoto, babu alikupeleka mwezi gani? Na Jumamosi ni mwezi gani? Mzee wa Masoko anaona mstari mweupe kila kiangazi. Inawezekana na Ngozi inapanda na kushuka, nyie mmefika siku zinazofanana.

#37 Mporoto wa Juu

Dah. Mwaka 1994 ilikuwa baada ya kuvuna pareto. Na Jumamosi… ni msimu uleule. Hili sikuliwaza kabisa.

Mtoto nimemsomea majibu yote jioni. La Mama Viazi amelipenda kuliko yote, la udongo uliofunikwa. Na la Simba alilia. Amesema turudi mwezi wa nne mvua ikiwa kali, na wa kumi, tuchore alama kwenye jiwe la babu.

#38 Mama Viazi

Mwezi wa nne ile njia ni utelezi wa kufa mtu, msishuke mpaka majini na mtoto. Pimeni kutoka juu, chagueni jiwe lililo nusu majini mpige picha. Na msipake rangi, ule ni msitu wa hifadhi. Mkirudi mlale kwangu, viazi vipo, na siyo vya kulumbesa.

#39 Jiwe kwa Jiwe

Nakuja. Nileteeni chupa tatu za maji: moja ya ziwani, moja ya chemchemi ya Mama, moja ya korongo upande wa pili wa mlima. Ziwe zimeoshwa kwa maji hayohayo mara tatu, zijazwe mpaka shingoni, zifungwe bila hewa, ziandikwe tarehe na mahali. Tuone chumvi inakoishia.

#40 Dereva wa Igawa

Ya Kasumulu naleta mimi, Alhamisi napita. Ijazwe ikiwa ya moto au ikipoa?

#41 Jiwe kwa Jiwe

Ikiwa ya moto, usiungue. Na andika jotoridi kama una kipimajoto.

#42 Mzee wa Masoko

Ya Masoko mjukuu atajaza kesho asubuhi. Upande wa boma au upande wa msitu?